Land Rover ya pointi haiwaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu moto wa injini

Majibu haya ni ya mwenye Land Rover Series II, IIA au III ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo (cc). Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1958, na Series III ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985. Gari nyingi za aina hii bado zinatembea kwetu, mashambani, misheni, na kwa watu waliorithi gari la baba na hawataki liozee chini ya mwembe. Peugeot 404, Volkswagen ya mgongo wa kobe na Toyota za zamani zina mfumo uleule, ila vipimo vyake ni tofauti.

Ninaposema "moto" hapa nina maana ya umeme unaofika kwenye plagi, kama mafundi wanavyosema. Joto nitaliita joto.

Nitajuaje kwamba shida ni moto, siyo mafuta?

Sikiliza jinsi lilivyozimika. Gari lililokosa mafuta hudhoofika kwanza. Linavuta na kuachia, linakohoa, ukivuta choki linapata nguvu kidogo, halafu linakufa. Gari lililokatika moto huzimika ghafla kama taa ya chumbani, na mara nyingi halikupi onyo lolote. Kipimo hiki hakikosei mara nyingi, ila kinakosea, kwa hiyo thibitisha kwa macho. Chomoa waya wa plagi moja, fungua plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma safi cha injini na mwambie mwenzako apige stata. Usiilaze karibu na kabureta wala na tundu la plagi uliloacha wazi, maana mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika. Ukiona cheche ya buluu inayolia "ta, ta, ta", moto upo, nenda kwenye mafuta. Ukiona cheche nyembamba ya manjano, au giza tupu, endelea kusoma.

Kabla sijagusa kitu, moto wenyewe unatoka wapi?

Ukilielewa hili, yaliyobaki yote ni kufuata njia. Mafundi niliowaona wakihangaika siku tatu na gari moja walikuwa wanaruka njia. Leo wanabadilisha plagi, kesho koili, keshokutwa wanarudi kwenye plagi.

Umeme wa volti 12 unatoka betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, kisha waya mweupe unaufikisha kwenye koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja: mnene wa mizunguko michache na mwembamba wa mizunguko maelfu. Umeme wa betri unapita kwenye ule mnene, unatokea upande wa pili wa koili, unafuata waya mweupe wenye mstari mweusi hadi kwenye distributa, kifaa kinachozigawia plagi moto, na humo unakutana na pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Pointi zikigusana, umeme unapita hadi kwenye bodi na kurudi betri, na koili inajaa usumaku. Nundu ya shafti ya distributa ikizisukuma pointi zikaachana, umeme unakatika, usumaku unaporomoka ghafla, na mporomoko huo unazaa maelfu ya volti kwenye ule waya mwembamba. Volti hizo ndizo zinazotoka kwa waya mkubwa wa katikati ya koili, zinaingia katikati ya kava ya distributa, zinashuka kwenye rota, kile kidole kinachozunguka juu ya shafti, na rota inazigawia silinda moja baada ya nyingine.

Kondensa, kile kikopo kidogo kando ya pointi, kazi yake ni kuupokea umeme pale pointi zinapoachana, ili usirukie pengo na kuziunguza. Bila kondensa, usumaku hauporomoki haraka, na cheche ya kwenye plagi inakuwa dhaifu.

Mfumo huu uliletwa kwenye magari na Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, na ulidumu miongo mingi kwa sababu mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuutengeneza. Lakini fikiria kazi yake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka na kufunga mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kila sekunde. Si ajabu zikichoka.

Nahitaji vifaa gani?

Taa ya kutestia ya volti 12. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa balbu ndogo ya gari na nyaya mbili. Fila geji (vibao vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), plaizi yenye mpini wa plastiki, bisibisi nyembamba, msasa laini sana na kipande cha karatasi safi. Mita ya umeme inasaidia ukiwa nayo.

Nikipiga stata injini inazunguka vizuri ila haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia katikati ya njia, siyo mwisho wake. Chomoa ule waya mkubwa wa katikati kwenye kava ya distributa, ushike kwa plaizi yenye mpini wa plastiki, ncha yake iwe milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma safi cha injini, kisha stata ipigwe. (Mwenye kifaa cha moyo kifuani asiikaribie kabisa kazi hii.) Jibu utakalopata linaigawa gari nusu mbili.

Kama cheche nzuri inaruka hapo, basi betri, swichi, koili, pointi na kondensa vyote vinafanya kazi. Shida iko mbele: kava, rota, nyaya za plagi au plagi zenyewe. Hakuna sababu ya kugusa koili.

Kama hakuna cheche, shida iko nyuma, na sasa taa ya kutestia ndiyo itakayosema. Funga mguu mmoja wa taa kwenye bodi. Mguu mwingine gusisha kwenye koili upande wa swichi, penye herufi SW au alama ya kujumlisha. Ufunguo ukiwa umewashwa, taa lazima iwake. Isipowaka, umeme haufiki: swichi imekufa, waya umekatika, au kichwa cha waya kimeoza kwa kutu. Unaweza kuthibitisha papo hapo kwa kuvuta waya mmoja kutoka upande wa betri usio wa bodi hadi kwenye mguu huo wa koili. Gari likiwaka, umempata mwizi. Kumbuka tu kwamba ukiwa umefunga hivyo ufunguo hauzimi injini, unazima kwa kuchomoa waya huo.

Taa ikiwaka hapo, ihamishie upande wa pili wa koili, ule wa CB au alama ya kutoa, unaokwenda distributa, kisha injini izungushwe. Hapa ndipo penye siri yote. Taa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi, na unabaki na koili au kondensa ya kushuku. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, umeme haupati njia ya kwenda bodi: pointi hazigusani, zimeota uchafu, au waya mdogo ndani ya distributa umekatika. Taa isipowaka kabisa, kuna kitu kinagusa bodi muda wote, au koili imekatika ndani. Kutofautisha ni rahisi: chomoa kwenye koili ule waya unaokwenda distributa. Taa ikiwaka sasa, koili ni nzima na shoti iko ndani ya distributa. Ikiendelea kuwa giza, koili imekatika.

Shoti ya ndani mara nyingi inaletwa na mtu. Aliyebadilisha pointi amepanga vibaya zile washa za plastiki kwenye skrubu ya pointi, ukawa waya unagusa chuma. Kabla hujafungua pointi za zamani, piga picha kwa simu.

Pointi zinawekwa kwa nafasi gani?

Kwa distributa za Lucas, 25D4 ya zamani na 45D4 ya baadaye, ni milimita 0.35 hadi 0.40. Baadhi ya Series III zilifungwa distributa ya Ducellier, ambayo vipimo vyake ni tofauti, kwa hiyo soma kibao kilicho kwenye distributa kabla hujaanza. Zungusha injini taratibu mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya shafti, ndipo upime. Ukipima kisigino kikiwa bondeni, nafasi utakayoweka haina maana yoyote.

Fila geji ipite kwa kugusa pande zote mbili bila kuzisukuma. Pointi zilizotumika sana huota kijilima upande mmoja na kishimo upande wa pili, na fila geji inapita juu ya kijilima hicho na kukudanganya. Hizo ni za kubadilisha. Zilizo na uchafu tu zipitishie msasa laini, kisha vuta karatasi safi katikati yake mpaka itoke bila weusi. Chembe moja ya msasa ikibaki, umerudi ulikoanza. Weka tone la grisi kwenye nundu, dogo kama punje ya mtama, kisigino kisiliwe. Grisi ikizidi inarukia pointi.

Ukibadilisha nafasi ya pointi, umebadilisha na taiming, yaani wakati ambao cheche inaruka, kwa hiyo pointi huja kwanza, taiming baadaye.

Kondensa mbovu nitaijuaje?

Toa kava, zungusha injini, tazama pointi. Cheche ndogo ya kuonekana kwa shida ni kawaida. Cheche kubwa nyeupe inayomeremeta kila zinapoachana maana yake kondensa haipokei kitu. Dalili nyingine ni pointi mpya zilizoungua na kugeuka rangi ya buluu baada ya safari chache. Kondensa iliyopiga shoti ndani inaua moto wote, na taa ya kutestia itabaki giza kama nilivyoeleza. Njia ya haraka ni kuifungua, kufunga nyingine nje kwa muda, mwili wake ukigusa bodi na waya wake kwenye mguu wa CB wa koili. Injini ikipona, umemaliza.

Naomba mnisikilize hapa. Kondensa mpya siyo lazima iwe nzima. Niliwahi kununua moja kwenye duka la spea, ikaishi chini ya siku mbili, na kwa kuwa ilikuwa mpya niliivua mwisho kabisa baada ya kushuku vyote vingine. Tangu hapo, kondensa ya zamani inayofanya kazi siitupi. Naifunga kwenye kitambaa na kuiweka garini. Rota ni vivyo hivyo. Rota nyingi za siku hizi zina ribiti inayoshikilia shaba ya juu, na ribiti hiyo iko karibu mno na shafti ya chini. Moto unaona njia fupi, unateremka kwenye shafti na plagi zinabaki zikisubiri. Kuipima: kava ikiwa imetolewa na rota iko mahali pake, shikilia ncha ya waya mkubwa wa koili milimita 3 juu ya shaba ya rota, kisha piga stata. Cheche zikimiminika kuingia kwenye rota, imetoboka. Rota nzima haina pa kuupeleka moto huo.

Linakwenda vizuri nusu saa, kisha linazimika. Likipoa linawaka tena. Ni koili?

Inaweza kuwa. Waya wa ndani ya koili uliopasuka huachana ukipata joto na kugusana ukipoa. Lakini dalili hiyohiyo huletwa na petroli inayochemka kwenye bomba siku ya jua kali, hasa ukipanda mlima kwa gia ya chini. Kosa ni kukaa pembeni ya barabara ukisubiri lipoe, kisha kuanza kupima wakati ushahidi umeshaondoka. Pima palepale lilipozimika, wakati lina joto. Kama waya wa katikati hautoi cheche na taa ya kutestia inawaka na kuzima vizuri, na kondensa ni nzima, badilisha koili.

Mwenye mita apime hivi, nyaya za koili zikiwa zimechomolewa: kati ya miguu miwili midogo, koili ya kawaida ya volti 12 huonyesha omu 3 hivi. Ukipata omu moja na nusu, hiyo ni koili ya kutumia na rezista (kipunguza umeme), na kama rezista haipo, ndiyo sababu inaunguza mkono ukiigusa na pointi zinaisha haraka. Ni kosa ninalokutana nalo sana, kwa sababu kwa sura koili hizo mbili hazitofautiani. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimika. Pointi zikiwa zimegusana, ampea 4 zinapita kwenye koili muda wote huo na kuipika.

Linakata moto ninapokanyaga au kuachia mafuta, kisha linarudi. Nimebadilisha kila kitu.

Swali hili ndilo lililonifanya niandike majibu haya. Mjomba wangu alikuwa na Land Rover 109, ile ndefu, ya Series III, na tulikuwa tunapanda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Anayeijua barabara ile anajua kona zake: unaachia mafuta, unakata kona, unakanyaga tena. Kila tulipokanyaga baada ya kona, injini ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo, halafu ikashika tena. Ilibadilishwa pampu ya mafuta, kabureta ikafunguliwa mara mbili, plagi mpya, koili mpya. Tulipofika Soni, katikati ya njia, tulisimama, mjomba akakaa juu ya jiwe, hakusema neno.

Shida ilikuwa waya wa urefu wa kidole. Ndani ya distributa mna sahani inayobeba pointi, na sahani hiyo huzungushwa kidogo na kikombe cha vakiumu (kinachovutwa na mfyonzo wa hewa wa injini) kila unapoachia au kukanyaga mafuta. Waya unaoleta umeme kwenye pointi hupinda na kunyooka pamoja nayo, miaka na miaka, mpaka nyuzi za shaba zinakatika ndani huku gamba la nje likiwa zima. Ukiutazama ni mzima. Ukiuvuta taratibu, unanyumbuka kama mpira, maana ndani hamna kitu. Vivyo hivyo ule waya mfupi wa kusuka unaoiunganisha sahani na mwili wa distributa, yaani athi ya pointi, njia yao ya kurudi kwenye bodi. Ukikatika, pointi zinategemea kugusana kwa bahati tu.

Jaribio lake: chomoa bomba la vakiumu kwenye distributa, ziba upande wa injini, endesha. Shida ikiisha, angalia nyaya hizo mbili kabla hujanunua chochote. Sisi tuliunga kwa uzi wa waya wa redio, tukafika Lushoto kabla ya magharibi.

Msimu wa masika haliwaki asubuhi. Likikaa juani linawaka.

Unyevu kwenye kava na nyaya. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja hewa yenyewe ina maji na chumvi, hata kama mvua haijanyesha. Fungua kava, ifute ndani kwa kitambaa kikavu, futa rota, futa shingo ya koili na nyaya zote. Kisha itazame kava juani. Mstari mwembamba mweusi unaotambaa kutoka shaba moja hadi nyingine, kama kalamu ya risasi imepita, ni njia ambayo moto umejichimbia kwenye plastiki. Ukishaona huo, kufuta hakusaidii tena, kava ni ya kubadilisha. Angalia pia kile kidole cha kaboni katikati ya kava, chenye springi. Kikiwa kimevunjika au kimenasa, rota haipati moto.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Subiri giza, usiwashe taa yoyote, washa injini, fungua boneti. Nyaya zilizochoka zitakuonyesha zenyewe, vicheche vya buluu vikitambaa juu yake na kurukia bodi. Zikijificha, nyunyiza ukungu wa maji kidogo. Usiweke mkono humo.

Linamisi silinda moja. Nitaijuaje ni ipi?

Injini ikiunguruma, vuta waya wa plagi mmoja mmoja kwa plaizi na uguse ncha yake kwenye bodi, usiache ukining'inia hewani, maana moto uliokosa pa kwenda hutafuta njia ndani ya koili au rota. Waya ambao ukiutoa injini inalegea, silinda yake inafanya kazi. Ambao ukiutoa hakuna kinachobadilika, ndiyo hiyo. Sasa hamisha plagi yake kwenye silinda jirani. Shida ikihama nayo, ni plagi. Isipohama, hamisha waya. Isipohama tena, pima mgandamizo, huenda ni valvu, na hapo moto hauna kosa.

Plagi yenyewe inazungumza: rangi ya kahawia ni afya, masizi makavu meusi ni mafuta mengi au moto hafifu, weusi wenye mafuta ni oili inayopanda, nyeupe iliyoungua ni joto kupita kiasi. Nafasi yake ni milimita 0.75 hadi 0.80.

Linapiga mlipuko. Ni taiming?

Inategemea mlipuko uko wapi. Kwenye ekzosi, mara nyingi moto unakatika na kurudi: petroli isiyoungua inajikusanya kwenye bomba na kuwaka huko. Kwenye kabureta, moto unafika wakati valvu iko wazi, yaani taiming imewahi mno au nyaya za plagi zimebadilishana. Mfuatano ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ni ya mbele karibu na feni, na ukitazama kutoka juu rota inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Asiyelijua hilo la mwisho hupanga nyaya kwa mwendo wa saa, na gari linapiga kelele zote ila haliwaki.

Naweza kuweka taiming bila mashine?

Ndiyo, kwa ile taa yako ya kutestia. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa hendeli mpaka upepo ukisukume kidole. Endelea taratibu mpaka alama ifike kwenye digrii iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Alama iko kwenye gurudumu zito la nyuma kwa injini za mwanzo, kwenye puli ya mbele kwa za baadaye. Digrii usizichukue kwa jirani: injini ya mgandamizo wa 7 kwa 1 na ya 8 kwa 1 hazifanani. Legeza bolti ya distributa, funga taa kati ya mguu wa CB na bodi, washa ufunguo. Zungusha distributa kinyume cha saa mpaka taa izime, kisha irudishe taratibu kwa mwendo wa saa. Pale inapoanza tu kuwaka, kaza. Ukihitaji iwahi zaidi, zungusha kwa mwendo wa saa, kinyume na rota.

Kisha shika rota, isukume kushoto na kulia. Ikicheza upande kwa upande, bushi ya shafti imekwisha, na hakuna taiming itakayotulia humo. Izungushe kidogo na uiachie: irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, vile vizito vya chini vinavyowahisha moto mwendo ukiongezeka vimeshika kutu.

Linawaka pale tu ninapoachia ufunguo wa stata.

Stata inakula umeme wote. Pima betri wakati stata inazunguka, isishuke chini ya volti 9.5 au 10. Betri ikiwa nzima, safisha waya wa athi unaoiunganisha betri na bodi, na ule unaounganisha bodi na injini. Kutu chini ya bolti hizo inaleta lawama nyingi kwa koili zisizo na hatia.

Gari langu la miaka ya mwanzo ya sitini lina betri iliyogeuzwa. Nirekebishe?

Halijageuzwa. Series II na IIA za mwanzo zilitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa kwenye bodi. Kabla ya kufunga kitu chochote kipya, fuata waya wa betri uone upande upi umeshika bodi. Kama mtu alishaligeuza, hakikisha na nyaya mbili ndogo za koili zilibadilishwa, maana koili iliyofungwa kinyume inatoa moto, ila hafifu, na utaona shida likibeba mzigo.

Nitoe pointi niweke ya elektroniki?

Kwa anayekwenda kazini mjini kila siku, naikubali: haihitaji kupimwa na hailiki. Mimi sijafanya hivyo, kwa sababu pointi zikifa porini unazisafisha kwa karatasi na kufika nyumbani, wakati kile kidude kikifa kimekufa. Ukikifunga, weka sahani ya zamani nzima, na pointi na kondensa yake, ndani ya gari. Na kwenye gari la chanya kwenye bodi, kidude kilichotengenezwa kwa gari la hasi kwenye bodi kinaungua dakika ileile unayowasha ufunguo.

Limesimama miaka kadhaa. Moto utarudi?

Mara nyingi shida ni ngozi nyembamba tu iliyoota kwenye pointi, usiyoiona kwa macho. Vuta karatasi kati yake. Angalia panya hawajala nyaya, mimi nimekuta kiota juu ya distributa. Toa plagi zote nne, tia oili kidogo kwenye kila tundu, mimina petroli mpya kwenye tangi, kisha zungusha kwa hendeli polepole, dole gumba likiwa upande uleule wa vidole vingine, lisikumbatie hendeli, maana injini ikirudisha teke inavunja kidole. Ikishazunguka laini, rudisha plagi moja kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma mbali na matundu yaliyo wazi, washa ufunguo, mwambie mtu azungushe, na uitazame ncha yake.